Je, Askari Apiganaye na Waasi Afungwe na Sheria?



Juma lililopita tulikuwa Chokocho, kusini mwa kisiwa chetu cha Pemba. Barazani mazungumzo yakaelekea Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako tangu mwaka 2017 waasi wamechinja wanavijiji na kuchoma nyumba. Mwezi Oktoba 2020 walivuka hata wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kijana mmoja akatuuliza: "Padre, ikiwa adui hajui sheria yoyote, kwa nini askari wetu afungwe mikono na sheria za vita? Dawa ya moto si moto?" Hatukumjibu papo hapo, kwani swali lake lina uzito. Tunalijibu leo kwa kurejea historia ya nchi yetu wenyewe.

Vita vya Majimaji vilianza mwezi Julai 1905. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, karibu na Liwale, wapiganaji walimwua Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Sisi Wakatoliki hatuna budi kuanza hapo, ili asiwepo wa kudhani kwamba tunasahau damu iliyomwagwa na waasi.

Lakini yaliyofuata je? Kanuni za vita zilizokubaliwa The Hague mwaka 1899, ambazo Ujerumani ilizitia sahihi, zilizifunga dola zilizotia sahihi zipiganapo zenyewe kwa zenyewe. Mwafrika aliyeasi hakuhesabiwa humo. Basi majeshi ya Wajerumani yakachoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na wapo maofisa waliosema wazi kwamba njaa ndiyo itakayowashinda watu. Serikali ya kikoloni ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wanataja hata 250,000 au 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa wala si risasi. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hadharani kwa pamoja, wengi wao wakiwa wamebatizwa na padre mmisionari kabla ya kufa. Tunajiuliza kwa uchungu kama ubatizo ndio pekee ambao Kanisa lilipaswa kuwaombea.

Tuseme kweli: ukatili ule ulishinda vita. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia yule kijana kwamba ukatili daima hushindwa. Tunamwambia jambo jingine. Methali yake inazungumzia moto, lakini haimtaji jirani ambaye nyumba yake iko katikati ya mioto miwili. Mtoto aliyekufa kwa njaa Ungoni hakumwua askofu. Sheria ya vita haikutungwa kama malipo kwa mwasi kwa tabia yake njema. Ilitungwa kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuweka silaha chini.

Ndiyo maana Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika Kifungu cha 3, iligusa pia vita vya ndani ya nchi. Kifungu hicho hakimkatazi askari kupigana na mwasi, wala hakimwondolei mwasi hatia yake mbele ya mahakama. Kinakataza kuua wasiopigana, kutesa mateka, na kunyonga bila hukumu ya haki. Nacho kinazifunga pande zote mbili. Hata hivyo karatasi haitoshi. Huko Kenya, wakati wa Mau Mau, Waingereza waliita mapambano yale hali ya hatari, si vita. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Umma ukaambiwa kwanza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahanga 5,228. Naye Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea mwezi Novemba 2023, miaka zaidi ya mia moja baada ya wale kunyongwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mikataba ya namna hii iheshimiwe na kuboreshwa. Jirani zetu Waislamu nao hupokezana maagizo ya Khalifa Abubakar kwa jeshi lake: wasiue wanawake, watoto wala wazee, wala wasikate miti yenye matunda. Fundisho hili, basi, si geni barazani Chokocho.

Askari wetu ni ndugu zetu, nao hufa kwa ajili ya wengine. Tuwaombee warudi wazima. Tuwaombee pia warudi wakiwa wanaweza kuwasimulia watoto wao yote waliyoyatenda, bila kuficha hata moja.

Mungu awabariki nyote.