Maji ya Eastlands, Haki ya Mto

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kambi yake iliota kwenye tambarare ya vinamasi na mafunjo. Chemchemi za Kikuyu ziliutosha mji mchanga. Kisha mitaa ya Eastlands, mashariki mwa mji, ikaanza kujengwa: Pumwani mapema miaka ya 1920, baadaye Kaloleni, Bahati, Jericho, Buruburu na Dandora. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo mji ulivyozidi kufuata maji mbali, hadi milima ya Aberdare. Bwawa la Sasumua lilikamilika mwaka 1956, Ndakaini mwaka 1994.

Swali lililotawala miongo hiyo yote ni mji unahitaji maji kiasi gani. Mahitaji ya mto wenyewe yalichelewa kuulizwa, ilhali samaki, wadudu wa majini na vinamasi hutegemea kupanda na kushuka kwa maji.

Tanzania ililipia somo hilo. Katika korongo la Kihansi, chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996 aliishi kwa manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalikatika. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kenya iliupa mto haki kisheria. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka, na ile ya 2016 iliyoirithi inataka, itengwe akiba kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa majini, kwa kiasi na kwa ubora. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka kipimo: kisipunguzwe kiwango ambacho mto, kwa hali yake ya asili, hukifikia au kukizidi kwa asilimia 95 ya muda.

Ndiyo maana handaki la kupeleka Nairobi maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati lilipojengwa, wakazi wa Murang'a walihofia mito yao, na serikali ikaahidi kuchukua maji ya mafuriko pekee.

Mama wa Kayole, Eastlands, anayenunua maji kwa mtungi ana haki yake pia. Lakini sehemu kubwa ya maji yaliyokwisha kutibiwa hupotea kwenye mabomba yanayovuja na maunganisho haramu. Huko ndiko pa kuanzia kumtafutia maji, kabla ya kugusa akiba ya mto. Nao Mto Nairobi, unaopita Dandora ukibeba maji taka, unadai nusu ya pili ya sheria: ubora. Vipimo vya kila chanzo vitangazwe hadharani, ili anayekunywa Eastlands na anayelima Murang'a waone kama ahadi inatimizwa.