Mama Nani?

Huku nyanda za Kasulu, upande wa Kagerankanda na Makere, mwanamke akishazaa aghalabu huitwa kwa jina la mtoto: Mama Fulani. Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, nao huitana hivyo. Wengi wao wamehamishiwa Marekani. Mama wa namna hiyo akipata kazi kiwandani huko, mkuu wa zamu, kijana wa kumzaa, humwita kwa jina lake tupu, naye hutaka aitwe vivyo hivyo. Masikioni mwetu hilo linachoma, ingawa kijana anadhani anamwondolea mgeni woga. Wasafiri waambiwe mapema kwamba hapo hakuna dharau, wala kumtazama bosi machoni si ufidhuli. Ila siwaungi mkono wanaoliacha jina la Mama Fulani hata majumbani mwao.