Thawabu au Sawabu: Neno Moja Ndani ya Santuri

Mwaka 1928 Kiswahili kilitengenezewa makao mawili, na sisi tulio wengi tunalikumbuka moja tu. Katika mwaka huo wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuyasimamia maandishi yake. Habari hizo nimezisomesha kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi wangu aliyefanya mtihani alitakiwa kuzijua.

Jambo ambalo sikulisomesha, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuliwekea maanani, ni kwamba katika mwaka huohuo Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni iliyojulikana kwa picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyeimba Kiswahili katika taarab ambayo kwenye kasri ilikuwa imezoea Kiarabu, akaacha Kiunguja chake ndani ya santuri. Mombasa waliamua namna ya kukiandika Kiunguja. Bombay walikikamata namna kinavyotamkwa. Makao ya kwanza tumeyajengea vyuo na kamusi. Ya pili yamo katika masanduku ya mbao, chini ya vitanda, yakingoja mashine zilizokwisha kuoza.

Nimelazimika kuyafikiri haya baada ya kustaafu, kwa sababu ya neno moja.

Mama yangu mkubwa alikuwa na santuri za aina ile nzito, zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Mojawapo aliinunua kabla sijazaliwa. Karatasi yake ya katikati imeliwa na mende, hata jina la kikundi halisomeki. Ni wimbo wa taarab, sauti ya mwanamke, na katika ubeti wa tatu kuna kina cha mwisho ambacho mimi tangu utotoni nilikisikia kuwa ni “thawabu”. Mjomba wangu, aliyekuwa hodari wa mashairi ingawa hakupata shule ndefu, alishikilia kwamba mwimbaji anasema “sawabu”.

Msomaji mpenda lugha ataona mara moja kwamba huu haukuwa ubishi wa matamshi tu. Thawabu ni malipo mema yatokayo kwa Mungu. Sawabu ni jambo lililo sahihi, lililostahili kutendwa. Ukisoma ubeti kwa neno la kwanza, mwanamke yule anavumilia ndoa yake akitarajia ujira wa akhera. Ukisoma kwa neno la pili, anasema kwamba kuondoka kwake ndiko kulikokuwa haki. Mizani haibadiliki, wala kina hakibadiliki. Kinachogeuka ni wimbo mzima.

“Mpwa wangu,” mjomba alikuwa akiniambia, “wewe ni mwalimu, unasikia kwa macho.” Mimi nilicheka, nikaendelea kuunakili ubeti ule ubaoni kwa “thawabu”, mwaka baada ya mwaka, nikiwaeleza wanafunzi juu ya subira ya mwanamke wa pwani.

Kinanda cha mama mkubwa kilikuwa kimekufa zamani. Nilipopata mafao yangu nilinunua kwa seremala mmoja wa hapa Tanga rediogramu kuukuu, kabati kubwa kama jeneza, ambayo ndani yake ilikuwa na mashine ya Garrard, kazi ya Swindon, Uingereza. Seremala aliitaka mbao. Nikamwachia mbao, nikachukua mashine.

Haikuzunguka. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imeganda kuwa nta. Nilivifungua vyuma, nikavisafisha kwa petroli, nikavipaka mafuta ya cherehani. Ikazunguka, lakini kwa mgongano, tuk, tuk, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Katika mashine za namna hii mota haiigusi sahani inayobeba santuri. Katikati yao kuna gurudumu dogo la mpira linalopokea mwendo na kuupeleka. Aliyeitumia mara ya mwisho alikuwa ameiacha bila kuirudisha kitasa chake mahali pa kupumzikia, na gurudumu likakaa limebanwa miaka yote hiyo hata likaingia kishimo. Nililisugua kwa msasa laini, kidogo kidogo, jioni tatu. Sijapata kusahihisha insha kwa uangalifu kama ule.

Kisha nikaja kwenye mwendo. Mwenzangu mmoja aliletewa mashine kutoka Marekani, na kila mwimbaji wa kike akigeuka mwanamume mwenye usingizi. Sababu ni kwamba umeme wa kule hupiga mizunguko 60 kwa sekunde na wa kwetu 50, na mota za zamani hufuata umeme. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 78 huzunguka mara 65. Yangu ilikuwa ya Kiingereza, ya mizunguko 50, lakini niliipima hata hivyo. Kipimo chake ni duara la karatasi lenye mistari 77 lililowekwa juu ya sahani chini ya taa ya tyubu. Taa hiyo humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde. Mwendo ukiwa sawa, mistari huonekana imesimama tuli huku duara linazunguka. Mke wangu aliniita mchawi.

Sehemu iliyobaki ilikuwa sindano, na hapa ndipo nilipotambua ni kwa kiasi gani tumekuwa tukiyaharibu makao yetu ya pili kwa mikono yetu. Kichwa cha sindano cha mashine ile kilikuwa cha fuwele, aina ambayo hunyonya unyevu, na pwani yetu haina haba ya unyevu. Kilikuwa kimekufa. Vichwa vya kisasa vinapatikana, ila ncha zake zimechongwa kwa ajili ya santuri za plastiki za mzunguko wa 33 na 45, zilizoanza kutoka 1948 na 1949, ambazo mifereji yake ni myembamba. Mfereji wa santuri nzito unataka ncha ya upana wa takriban elfu tatu za inchi. Ncha ya kisasa ni theluthi yake au chini ya hapo. Hutumbukia hadi sakafu ya mfereji, ikaburura vumbi, na sauti iliyoandikwa kwenye kuta isisikike ila kwa mbali. Sindano ya chuma nayo ilikuwa ya kubadilishwa kila upande mmoja unapokwisha. Nani kati ya wazee wetu aliyekuwa na sindano za kutosha? Mama mkubwa alitumia moja hata msimu mzima wa harusi, na kila ilipopita iliondoka na kipande cha herufi.

Mpwa wangu aliyeko Maskati alinitumia kichwa cha sumaku chenye ncha ya upana unaotakiwa. Na mimi, kwa furaha ya kukipokea, nikafanya kosa ambalo silisahau. Santuri ilikuwa chafu. Nikachukua spiriti ya kusafishia vidonda na pamba, nikaanza kupangusa.

Santuri za zamani si plastiki. Zimetengenezwa kwa unga wa mawe uliogandishwa kwa utomvu wa wadudu wa India, ule ule unaofanya lakiri na vanishi ya maseremala. Seremala yeyote angenionya: utomvu huo huyeyuka ndani ya spiriti. Pamba ikatoka nyeusi, nami nikadhani natoa uchafu. Nilipoinua macho, mng’ao ulikuwa umeondoka robo ya upande mzima, na mifereji imefutika kama maandishi ya kalamu ya risasi. Nilikaa kitako sakafuni. Ulikuwa upande wa pili wa wimbo. Upande mmoja wa santuri zile huchukua kama dakika tatu, kwa hiyo watunzi waliziacha beti au wakaupasua wimbo pande mbili. Na beti mbili za mwisho za wimbo wa mama mkubwa hakuna tena azijuaye duniani, maana mimi sikuwahi kuzinakili. Niliona ubeti wa tatu unatosha kwa darasa.

Upande wa kwanza niliusafisha kwa maji na tone la sabuni, nikaukausha kivulini.

Mara ya kwanza kuusikiliza sikupata jibu. Sauti ilikuwa nzima, lakini imefunikwa kama mtu anayesema nyuma ya khanga. Fundi redio wa mtaani kwetu alinieleza. Kuanzia miaka ya 1950 makampuni yalikubaliana kanuni moja ya kurekodi: sauti nyembamba huongezwa wakati wa kurekodi, na amplifaya huzipunguza wakati wa kusikiliza. Santuri nyingi za kabla ya hapo hazikuongezwa kiasi hicho. Amplifaya ya baadaye huzipunguza vivyo hivyo bila kuuliza. Na kinachopunguzwa ni kile kile tunachokihitaji sisi watu wa lugha, kwa sababu irabu hukaa chini, ilhali s, sh, th na dh hukaa juu. Mashine isiyorekebishwa humwachia mwimbaji irabu zake na kumnyang’anya konsonanti. Nilijiuliza ni manukuu mangapi ya nyimbo za kale tuliyoyaandika vitabuni kwa kusikiliza mashine kama hizo.

Fundi alibadilisha vifaa viwili vidogo, akaziunganisha njia mbili za kichwa cha sindano ziwe moja, na sehemu kubwa ya mkwaruzo ikapotea. Sauti ya santuri hizi imeandikwa kwa kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo kila kinachopanda na kushuka ni kelele tu. Akakaa pembeni na chai yake. Nikashusha mkono wa sindano.

Ubeti wa kwanza. Wa pili, udi unachukua nafasi. Wa tatu.

S ni herufi yenye makali, hutoboa. Th ni pumzi. Niliirudia mara nne, kisha nikamwomba fundi, ambaye hakujua lolote kuhusu ubishi wetu, aniambie amesikia neno gani.

“Sawabu,” alisema. “Kwani wewe unasikiaje, mwalimu?”

Mjomba alifariki mwaka 2011. Daftari langu la mashairi ninalo bado, na ubeti wa tatu nimeukata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni neno lake na tarehe. Chini yake nimeacha mistari minane mitupu.