Mkono wa Mungu: Ugomvi wa Watawa wa Misri juu ya Maneno ya Maandiko

Mtu akisema kwamba fulani ni mkono wa birika, hakuna atakayeutazama mkono wa mtu yule aone kama umepindika. Kila mmoja ajua ya kuwa asemwa ubahili. Kadhalika mwenye mkono mrefu ni mwizi, si mtu mwenye mkono uliozidi kipimo. Lugha yetu imezoea kuieleza tabia ya mtu kwa kiungo cha mwili. Walakini tusomapo katika Maandiko habari za mkono wa Mungu, na macho yake, na uso wake, swali huzuka: je, hayo nayo ni mafumbo, au ndivyo yalivyo? Wasemapo watu, Mungu si Athumani, wakumbusha ya kuwa hapimwi kwa kipimo cha mwanadamu; lakini shauri haliishi hapo. Lilikwisha kuwasumbua Wakristo wa Misri zaidi ya miaka 1600 iliyopita, na habari zao zafaa kujulikana na kila afundishaye.

Katika mji wa Iskanderia palikuwa na mwalimu mkuu, Origen, aliyezaliwa yapata mwaka 185. Yeye alifundisha kwamba Maandiko, kama mtu, yana mwili na nafsi na roho: mwili ni maana ya wazi ya maneno, na roho ni maana iliyositirika. Hakukubali kwamba Mungu alipanda miti ya Edeni kama mkulima apandavyo shamba lake. Mafundisho hayo yaliwapendeza watawa wenye elimu. Lakini wengi wa watawa wa jangwani walikuwa watu wa kawaida wasemao Kikopti, nao walipoomba walimweka Mungu mbele ya mioyo yao akiwa na sura na uso.

Tena ilikuwa desturi ya askofu wa Iskanderia kupeleka waraka kila mwaka kwa makanisa ya Misri, kuitangaza siku ya Pasaka. Mwaka 399 Askofu Theophilus aliandika katika waraka wake kwamba Mungu hana umbo la mtu. Ulipofika katika jangwa la Scetis, mahali paitwapo leo Wadi Natrun, makasisi watatu katika wanne walikataa usisomwe makanisani mwao. Paphnutius peke yake aliukubali.

Kwa Paphnutius alikuwako mtawa mzee, Serapion, mtu wa mwenendo safi, asiyeweza kuupokea waraka ule. Habari zake zasimuliwa na John Cassian, aliyekaa jangwani siku zile. Paphnutius akamleta Photinus, shemasi msomi kutoka Kapadokia, naye akaeleza kwamba mtu kuumbwa kwa mfano wa Mungu si jambo la sura ya mwili. Mzee akasadiki. Wote wakafurahi, wakasimama kumshukuru Mungu. Lakini katika kuomba Serapion akaona ile sura aliyoizoea imetoweka; akaanguka chini akalia kwa uchungu, akilalamika ya kuwa wamemwondolea Mungu wake, naye hana tena wa kumshika wala wa kumwabudu.

Photinus hakusema uongo. Alilolisema ndilo Kanisa linalolifundisha. Lakini aliondoa kitu moyoni mwa mzee asiweke kingine mahali pake, na wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Wala tusidhani ya kuwa walioyashika maneno walikuwa wajinga tu. Kitabu cha Kikopti chatupa habari za Aphou, mtawa wa pande za Oxyrhynchus, aliyekwenda Iskanderia kumwuliza askofu juu ya waraka ule. Askofu akamwuliza, awezaje kusema ya kuwa Mkushi, yaani mtu mweusi, au mkoma, au kiwete, au kipofu, ni mfano wa Mungu? Aphou akajibu kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyenena hivyo, wala neno lile halikukoma kwa Adamu, maana hata baada ya gharika Nuhu alikatazwa kumwaga damu ya mtu kwa sababu hiyo hiyo. Tena sanamu ya Kaisari ni ubao na rangi, haisemi wala haipumui; lakini watu huiheshimu, kwa kuwa Kaisari amesema kwamba ndiyo sura yake. Kitabu chasema askofu alishindwa kwa maneno hayo. Sisi tulio Waafrika hatuwezi kulisoma swali la askofu bila kusituka. Aliyelishika neno kama lilivyoandikwa ndiye aliyemtetea Mkushi na mkoma.

Baadaye watawa wengi waliujia mji kwa ghadhabu. Theophilus akaogopa, akageuka. Mwaka 400 akavilaani vitabu vya Origen na kuwafukuza waliovisoma. Wanne kati yao, walioitwa Ndugu Warefu, walikimbilia Constantinople kwa Askofu John Chrysostom. Theophilus akawafuata huko, na mwaka 403 baraza alilolisimamia likamwondoa Chrysostom katika uaskofu, naye akafa uhamishoni mwaka 407. Hivyo shauri la maana ya maneno likawa silaha ya kuangushana.

Majina ya Mungu nayo yana shida iyo hiyo. Wayahudi waliacha kulitamka jina la herufi nne aliloambiwa Musa, wakasoma Adonai. Wayunani wakaandika Kyrios. Nasi twasema Bwana. Neno hili kwetu ni mume, ni mwenye nyumba, na zamani lilikuwa mwenye watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Agano Jipya la Askofu Steere likachapishwa mwaka 1879. Basi waliokombolewa walifundishwa kumwita Mungu kwa neno lile lile walilomwita aliyewamiliki. Alishikaye neno hili bila kufikiri, amemfanya Mungu kuwa mwenye watumwa. Naye asemaye kwamba ni fumbo tu, asiseme zaidi, amemfikisha mwanafunzi pale alipoanguka Serapion. Lakini Injili haikulitupa neno. Yaonyesha Bwana akijifunga kitambaa, akiwaosha wanafunzi wake miguu. Na mtumwa wa jana asomapo hayo aona jina ni lile, mwenye jina ni mwingine.

Cassian na mwenzake Germanus, wakiwa na huzuni kwa ajili ya mzee, walimwendea Abba Isaac. Yeye aliwafundisha kuomba pasipo kumfanyizia Mungu sura, lakini hakuwaacha hivi hivi. Aliwapa mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Zaburi ya 70, wa kumwita Mungu aje kusaidia, waushike mchana na usiku, wakila, wakisafiri, wakilala.

Basi mwanafunzi akituuliza kama Mungu ana mkono, tumjibu kweli kwamba hana mkono kama wetu. Kisha tumwonyeshe mkono ule ulifanya nini: uliwatoa wana wa Israeli Misri. Na kabla hajaondoka, tusali pamoja naye.