Mbiru: Kila Kaya na Namba Yake

Januari 1945 watu walishuka milimani kwenda Same, makao makuu ya Wilaya ya Pare, kwenye stesheni ya reli iendayo Moshi kutoka Tanga. Walitoka Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, Mbaga, Gonja na Mamba upande wa kusini. Walikuwa maelfu, na hawakuja kwa siku moja. Walikaa miezi, wakipokezana: waliotakiwa shambani walirudi juu, wenzao wakashuka. Kulipa kodi hawakukataa. Ile ya kawaida, iliyotozwa kila mwanamume mzima, walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni mbiru.

Mbiru ilikuwa kodi ya nyongeza iliyopitishwa na baraza la machifu tisa wa Upare, kwa idhini ya serikali ya Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wazo lake lilisikika la haki: mwenye nacho atoe zaidi, asiye nacho atoe kidogo. Kwa hiyo mali ya kila kaya ilipaswa kukadiriwa, mifugo, mibuni, mashamba na mapato mengine, kisha kaya ipangiwe kiwango chake yenyewe.

Mwandishi wa programu za kompyuta angelitambua umbo la daftari la makadirio hayo mara moja. Ni orodha ndani ya orodha. Orodha ya nje ni Upare, na ndani yake kuna himaya tisa. Kila himaya ni orodha ya mitaa, kila mtaa ni orodha ya kaya, na kila kaya ina namba yake. Katika orodha ya aina hiyo haitoshi kusema “wa nne”. Ni lazima kutaja himaya gani, mtaa gani, kaya gani. Na anayetaka kubadili namba zote huandika kitanzi, yaani agizo la kurudia, ndani ya kitanzi kingine. Kitanzi cha nje husimama kwenye himaya ya kwanza na hakisogei mpaka cha ndani kimalize mitaa yake yote. Cha ndani nacho hakiondoki mtaani mpaka kile cha ndani zaidi kimepita kila kaya. Kazi huongezeka kwa kuzidishana. Tuseme kila himaya ina mitaa 20 na kila mtaa kaya 50: himaya tisa zinatoa makadirio 9,000, na mali ikibadilika mwaka unaofuata, safari inaanza upya.

Kodi ya zamani haikuhitaji safari hiyo. Ilikuwa na kiwango kimoja kilichotangazwa kwa wote, pamoja na sharti moja la kuongezea, kwamba mwenye mke zaidi ya mmoja alipie na nyumba za wake wengine. Wanaojifunza lugha ya Python hukutana na jambo la namna hii, na huwatesa. Mtu anatengeneza jedwali la mistari tisa kwa kuurudia mstari ule ule mara tisa, halafu anabadili namba moja katika mstari wa kwanza, na mistari yote tisa inabadilika. Hakuna mistari tisa. Kuna mmoja unaoitwa kutoka sehemu tisa. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni hitilafu. Kwa mlipa kodi wa Usangi au Gonja ilikuwa kinga: kiwango hakingeweza kupanda kwake peke yake. Kikipanda, kimempandia na jirani, na chifu akija kueleza sababu atawakuta wote wawili wamesimama pamoja.

Mbiru iliivunja kinga hiyo. Kila kaya sasa ilikuwa na nafasi yake daftarini, na kalamu iliweza kuingia katika nafasi moja bila kugusa ya pili. Kalamu hiyo ilikuwa mikononi mwa machifu na wasaidizi wao, na kanuni waliyoifuata mlipaji hakuiona. Ng'ombe mwenye maziwa na ng'ombe aliyekonda walihesabiwaje? Fedha aliyoileta kijana kutoka mashamba ya mkonge, je, ni mali ya baba yake? Pasipo jibu linalojulikana na wote, wawili wenye mali iliyolingana waliweza kutoka na namba mbili tofauti, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha hesabu ilipitia wapi. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro ule. Kupita kaya kwa kaya si kosa. Ni kazi tu, ingawa kubwa. Kosa lilikuwa kwamba katikati kabisa ya vitanzi, pale namba inapobadilishwa, paliachwa busara ya mtu mahali pa kanuni.

Inafaa kukumbuka kwamba miaka hiyo hiyo upande mwingine wa dunia kulikuwa na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuziandika kanuni za aina hiyo zisibaki kichwani mwa mtu. Konrad Zuse, mhandisi Mjerumani, alikamilisha mwaka 1945 muundo wa lugha aliyoiita Plankalkül, iliyokuwa na orodha zilizobeba orodha nyingine na maagizo ya kurudia. Vita vilikuwa vimemvurugia kila kitu, na maelezo yake kamili hayakuchapishwa mpaka mwaka 1972. Wengi walikuja kuujua utaratibu huo kupitia Fortran, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ambayo jedwali lake lilikubali hadi tabaka tatu. Daftari la mbiru, lenye himaya, mtaa na kaya, lingeenea humo barabara. Tanganyika haikuwa na mashine ya kulibeba. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Waliokusanyika Same wangeweza kusogea mezani mmoja mmoja, kila mtu akiomba namba yake ipunguzwe. Hawakufanya hivyo. Walidai mpango wenyewe uondolewe, himaya zote kwa pamoja, na ndiyo maana harakati hizo zilikuwa na nguvu ambayo serikali haikuitarajia. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi waliojulikana zaidi. Waume wakiwa wamekwama Same, wanawake wa Usangi nao walitembea hadi makao makuu kudai shauri liishe na maisha ya nyumbani yarejee. Baadaye, huko Usangi kwenyewe, wanawake walimkabili mkuu wa wilaya na mawe yakarushwa. Serikali hatimaye iliiondoa mbiru na kurudi kwenye kiwango cha wote. Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliliandikia tukio hilo kijitabu kilichotoka mwaka 1971, na bila kazi yake mengi ya mambo haya yangepotea pamoja na wazee walioyaona.

Mtu asidhani kwamba watu wa milima hii hawakuvumilia mgawo wa mtu mmoja mmoja. Walikuwa nao karne nyingi, katika maji.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililojengwa kwenye mteremko ili likusanye maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mlango hufunguliwa na maji huteremka kwenye mifereji. Hapa pia kuna zamu ndani ya zamu. Kwanza ni zamu za siku: kundi hili leo, kundi lile kesho. Ndani ya siku ya kundi, maji hupita shamba kwa shamba. Bonde la Makanya, upande wa kusini, lina tabaka jingine juu ya hizo, kwa kuwa wakulima wa Vudee walioko juu na wa Bangalala walioko chini wamekuwa wakigawana kijito kwa makubaliano kati ya vijiji. Na sharti lipo: asiyefika kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kuziba nyufa, hujikuta na faini au nyuma ya foleni.

Kiasi anachopata mtu hubadilika. Mvua zikiwa haba ndiva haijai, na fungu la kila shamba hupungua. Lakini kinachobadilika kimo bwawani, mbele ya macho ya wote, na sharti la msaragambo linajulikana kabla jembe halijainuliwa. Ndiva ya Manoo huko Bangalala ilipanuliwa mwaka 2002, kutoka mita za ujazo 200 hadi 1,620. Kilichoongezeka ni ukubwa wa bwawa. Zamu ziliendelea kupita shamba kwa shamba kama awali.

Wilaya ya Pare iligawanywa mwaka 1979 ikawa Same na Mwanga, na kodi ya maendeleo, mrithi wa ile kodi ya zamani, ilifutwa nchini mwaka 2003. Wazo la mbiru kwamba mwenye nacho atoe zaidi limebaki. Mwalimu anayefundisha Same hukatwa kodi ya mshahara inayopanda kwa ngazi, na programu inayoikokotoa hupita idara kwa idara, na ndani ya idara mtumishi kwa mtumishi, ikiandika namba ya kila mmoja katika nafasi yake. Ngazi hizo zimo katika sheria iliyopitishwa na Bunge na kuchapishwa, na mwalimu wa Same anaweza kuchukua mshahara wake na kalamu akafika kwenye namba ile ile iliyoandikwa na mashine.