Wasavoia

Wasavoia ni wenyeji wa Savoie, nchi ya milima ya Alpi iliyopo kusini-mashariki mwa Ufaransa, inayopakana na Italia na Uswisi. Asili ya jina ni Sapaudia, lililotajwa na mwandishi Mrumi Ammianus Marcellinus katika karne ya 4.

Kwa Kifaransa huitwa Savoyards, na neno hilo lina kisa chake. Milimani kipindi cha baridi ni kirefu na mashamba ni machache, hivyo wanaume na watoto walishuka mijini kutafuta riziki. Huko Paris, mvulana wa Kisavoia alijulikana kwa uso wake mweusi kwa masizi: alipanda ndani ya dohani akikwangua moshi uliogandamana. Wengine walichezesha marmota, mnyama mdogo wa milimani, ili watupiwe senti. Basi jina la kabila likageuka tusi la mjini, na wasomi wakachagua umbo jingine, Savoisien. Chama cha historia kilichoanzishwa Chambéry mwaka 1855 kinalitumia hadi leo. Wenyeji wa kawaida hawakujali, na umbo la zamani ndilo lililoshinda.

Savoie ilitwaliwa na Ufaransa mwaka 1860. Leo ni mikoa miwili, Savoie na Haute-Savoie. Lugha yao ya jadi, Kiarpitani, wanaoizungumza ni wachache.

Kengele kubwa ya kanisa la Sacré-Cœur, Paris, zawadi ya Wasavoia yenye uzito wa takriban tani 19, inaitwa La Savoyarde.