Kipande Njiani: Habari za Karatasi Wanazoulizwa Abiria

Kila mtu aliyesafiri kwa gari kutoka Sekei, akashika njia kuu iendayo Moshi, ajua ya kuwa safari hukatizwa. Askari huinua mkono, gari husimama kando, na dereva hutakiwa kuonyesha leseni yake. Jambo hilo halina ajabu, maana Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva awe na leseni, na gari bovu huua watu. Lakini mara nyingine askari huchungulia dirishani akawaambia abiria nao watoe vitambulisho. Hapo mama mwenye mikungu ya ndizi za kuuza Tengeru huanza kufungua mafundo ya kanga yake, naye hakuendesha gari wala hakumgonga mtu. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi desturi hii ilivyoingia katika nchi zetu, kwa kuwa wengine hudhani imeanza juzi, na wengine hudhani ilikuwapo tangu enzi za babu zetu.

Enzi za babu zetu mgeni aliyefika katika nchi ya Meru aliulizwa kwa kinywa: ametoka kwa nani, ni wa ukoo gani, anakwenda kwa nani. Mtu alijulishwa na mtu mwenzake. Karatasi ilikuja nyuma ya kodi. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi iliamuru kodi ya nyumba, na Waingereza walipoishika Tanganyika waliweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Basi stakabadhi ya kodi ikawa kitu cha kutunzwa kuliko fedha yenyewe. Fedha ikipotea umepoteza fedha tu, bali stakabadhi ikipotea utalipa mara ya pili, au utalala boma.

Pamoja nayo kulikuwa na kipande. Neno hili vijana hulichanganya, na si kosa lao, kwa sababu lilikuwa na maana mbili. Katika Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kazi: mtu aliyeajiriwa katika shamba la mkonge au la kahawa alitiwa alama kwa kila siku aliyoitimiza, na zilipotimia siku 30 ndipo alipopata mshahara wake. Katika Kenya kipande kilikuwa kitu kingine, kikali zaidi. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa huko mwaka 1915, ikaanza kutumika vita kuu ilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake na kazi zake, akaichukua ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita kwa jina la kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mtumishi wake, mtumishi huyo hakuweza kupata kazi kwingine, na polisi waliweza kumsimamisha njiani saa yo yote na kumwuliza. Mzungu hakuulizwa, wala Mhindi.

Harry Thuku alikipinga kipande hicho pamoja na kodi nzito. Alikamatwa mwezi Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi ule watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20, wanawake wakiwamo. Hata hivyo kipande kilidumu miaka 25 mingine. Mwaka 1947 ndipo sheria ilipogeuzwa, watu wa rangi zote wakaandikishwa. Twaona neno hili ni la kukumbukwa: kilichowaudhi watu hakikuwa kutajwa majina yao, bali kule kuulizwa wao peke yao.

Turudi kwetu. Kodi ya kichwa iliondolewa miaka michache baada ya uhuru, lakini ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Hata wasomaji wetu wasio wazee waikumbuka vema. Watoza kodi na mgambo waliweka vizuizi njiani, na abiria waliteremshwa wakaonyeshe risiti za mwaka. Asiyekuwa nayo alibaki pale, gari likaenda zake pamoja na mzigo wake. Wako wanaume walioacha kwenda sokoni msimu mzima, wakawatuma wake zao. Wako waliopita migombani wasionekane. Mwaka 1998 watu wa Arumeru waliinuka wakaikataa kodi ile, na wilaya nzima ikatikisika. Nchi nzima ilifutiwa kodi hiyo mwaka 2003, na vizuizi vya risiti vikaisha pamoja nayo. Wakati ule aliyeshikwa njiani hakuwa na shaka juu ya jambo analoulizwa. Hakuulizwa yeye ni nani, ila kama amelipa.

Liko swali la namna nyingine, nalo ndilo baya. Wasomaji wa Biblia walijua katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, habari za vivuko vya Yordani, ambapo Wagileadi walimtaka kila msafiri atamke neno moja, Shibolethi, na ulimi wake ukimfunua kuwa Mwefraimu, alikufa palepale. Wamehesabiwa 42,000. Pale mtoni hapakuwa na karatasi. Katika nchi ya Rwanda karatasi ilifanya kazi ya ulimi. Wabelgiji waliwaandikisha watu katika miaka ya 1930, wakawapa vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu wa lugha moja, kanisa moja, kilima kimoja, wakatengwa kwa neno moja la kalamu, na serikali zilizofuata baada ya uhuru hazikulifuta.

Mji wetu wa Arusha unahusika sana na habari hii, na twasikitika kwamba watoto wengi shuleni hawaijui. Tarehe 4 Agosti 1993 mapatano ya amani ya Rwanda yalitiwa sahihi hapa Arusha. Kati ya maneno yake mengi mlikuwamo sharti kwamba serikali mpya ya mpito, siku itakaposhika kazi, itaondoa kabila katika hati zote zitakazotolewa. Serikali ile haikuwahi kushika kazi. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa, mauaji yakaanza, na vitambulisho vya zamani vilikuwa bado mifukoni mwa watu. Vizuizi viliwekwa barabarani, wasafiri wakaambiwa watoe kadi, na neno lile moja likatosha. Sharti la kulifuta lilikuwa limekaa katika karatasi miezi minane.

Halafu mashtaka yakaletwa hapa hapa. Umoja wa Mataifa uliweka mahakama yake katika jumba la mikutano la kimataifa, si mbali na Sekei, na tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba, alihukumiwa kuwa na hatia ya mauaji ya kimbari. Hukumu ya namna hiyo haikuwahi kutolewa na mahakama yo yote ya mataifa kabla ya siku ile. Katika hukumu hiyo mahakimu walivitaja vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka ni ule ule wa ghasia za kodi Arumeru. Mahakama ilifungwa mwisho wa mwaka 2015.

Kwetu Tanzania sheria ya usajili na utambuzi wa watu ilitungwa mwaka 1986, lakini ililala. Mamlaka ya vitambulisho, yaani NIDA, iliundwa mwaka 2008, na kadi za kwanza zikatolewa mwaka 2013. Wengi walikaa muda mrefu na namba tu, tarakimu 20 zilizoandikwa kwenye kipande cha daftari, wakingojea kadi. Hatusemi askari hana haki ya kutafuta wezi au watu walioingia nchini kwa siri. Namanga iko karibu, na njia hii ni ya wema na wabaya pia. Lakini Katiba, katika ibara ya 17, yampa raia haki ya kwenda atakako ndani ya nchi yake, na bibi wa Sekei aliyesahau kadi chini ya godoro hajaacha kuwa raia. Yafaa aulizwe kwa upole, na jirani yake garini asikilizwe anaposema, huyu twamjua.

Kadi yenyewe ina picha ya mtu, jina lake, jinsi yake na tarehe aliyozaliwa. Kabila halimo. Mwenye kutaka kulijua hana budi kuuliza kwa kinywa, nasi tumelisikia swali hilo likiulizwa garini kati ya Sekei na Usa, mara nyingi kwa mzaha, na abiria wakicheka.